Kushika na Kuachia: Metali Ndani ya Dawa za Saratani

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, watafiti wenzangu, na ninyi wanafunzi mlioacha kazi zenu za maabara mchana huu ili mje kunisikiliza,

Nimeombwa nizungumze juu ya utafiti wa kemia na famakolojia, kuanzia dawa za saratani hadi kompleksi za metali. Uwanja huo ni mpana mno kwa kikao kimoja, kwa hiyo nimechagua kushika uzi mmoja na kuufuata hadi utakaponifikisha. Uzi wenyewe ni huu: ukitaka kuielewa dawa yenye metali, uliza metali hiyo imeshikilia nini, itaachia nini, na itakiachia wapi na lini. Nimeishi na swali hilo kwa muda mrefu, na kila nilipolisahau nilijuta.

Kwa wale ambao si wanakemia, katika kompleksi atomu ya metali hukaa katikati, ikizungukwa na molekuli au ioni zinazoichangia elektroni, nazo ndizo tunazoziita ligandi. Kuna ligandi zinazong'ang'ania metali kwa miaka, na kuna zinazoondoka kwa kufumba na kufumbua. Mpangilio wa ligandi hizo katika nafasi, nani yuko jirani na nani na nani anaelekeana na nani, ni sehemu ya dawa sawasawa na atomu zenyewe.

Nianze na sisplatini, ambayo nimeitengeneza kwa mikono yangu mara nyingi. Unaanza na chumvi ya platinamu iliyoyeyushwa katika maji, myeyuko wenye rangi ya damu ya mzee. Unaongeza iodidi ya potasiamu, na myeyuko unakolea weusi hadi kijiti cha kukorogea hakionekani tena. Kisha unadondosha amonia taratibu, tone baada ya tone, na kutoka katika weusi ule unaanza kushuka unga wa manjano. Unauchuja, unauosha, halafu unauchanganya na nitrati ya fedha ili fedha ijinyakulie iodidi na kutuama nayo. Unachuja kwa mara nyingine na kubaki na maji yaliyo angavu. Mwisho unaongeza kloridi ya potasiamu, na sisplatini inajitenga polepole, unga wa manjano ambao mtu asiyeujua angeweza kuudhania kuwa rangi ya kuchorea.

Mwanafunzi makini huniuliza kwa nini tuzunguke kote huko kupitia iodidi, ilhali tunaishia kwenye kloridi. Jibu lilianza kueleweka mwaka 1926, pale Ilya Chernyaev wa Urusi alipoonyesha kwamba katika kompleksi za platinamu, ligandi moja inaweza kulegeza ile inayoelekeana nayo upande wa pili. Iodidi ina nguvu kubwa ya kulegeza namna hiyo kuliko amonia. Kwa hiyo amonia ya kwanza ikishaingia, amonia ya pili haiendi kukaa mbele ya mwenzake, bali inachukua nafasi iliyolegezwa na iodidi, na zote mbili zinajikuta zikiwa majirani. Tangu kwenye chupa ya maabara, basi, anayeachia ndiye anayeamua umbo.

Na umbo hilo si jambo la urembo. Platinamu hii hukaa katikati ya mraba bapa, ligandi nne zikiwa kwenye pembe nne. Kloridi mbili zikiwa upande mmoja na amonia mbili upande mwingine, una sisplatini. Chukua atomu zilezile, kwa idadi ileile, uzipange kwa kuelekeana, nawe unapata transplatini, ambayo haijawahi kuwa dawa ya saratani. Kuna jaribio la zamani la Nikolai Kurnakov ambalo napenda kila mwanafunzi alifanye walau mara moja. Unaongeza thiourea, ambayo ina salfa inayoipenda sana platinamu. Katika sisplatini, thiourea hufukuza ligandi zote nne na kuacha myeyuko wa manjano, lakini katika transplatini hufukuza kloridi mbili tu, amonia zinabaki, na unaona mashapo meupe. Vikombe viwili juu ya meza, uzito uleule, na jicho lako mwenyewe linakuonyesha kwamba haya si mambo mamoja.

Chumvi hii haikuanza kama dawa. Michele Peyrone, mkemia wa Italia, aliitengeneza katikati ya miaka ya 1840, na kwa muda mrefu iliitwa tu chumvi ya Peyrone. Mwaka 1893 Alfred Werner aliitumia pamoja na nyinginezo kujenga nadharia yake ya jinsi ligandi zinavyojipanga kuzunguka metali, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1913. Kwa zaidi ya karne moja ilikaa kwenye rafu, ikisomwa na wanakemia peke yao.

Aliyeitoa kwenye rafu hakuwa akiitafuta. Barnett Rosenberg alikuwa mwanafizikia katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani. Alipotazama picha za seli inayogawanyika, nyuzi zile zinazovuta kromosomu kwenda pande mbili zilimkumbusha vumbi la chuma linavyojipanga kuzunguka sumaku, naye akataka kujua kama umeme ungeweza kuathiri mgawanyiko huo. Pamoja na Loretta VanCamp na Thomas Krigas alikuza bakteria aina ya E. coli ndani ya chombo chenye elektrodi mbili za platinamu, metali iliyochaguliwa kwa sababu iliaminika kuwa haichangamani na kitu. Umeme ulipowashwa, bakteria waliacha kugawanyika lakini hawakuacha kukua. Chini ya hadubini walionekana kama nyuzi ndefu, wengine wakifikia mara 300 ya urefu wao wa kawaida.

Hapa napenda kutua kidogo, kwa maana ndipo ninapomheshimu zaidi Rosenberg na wenzake. Dhana aliyokuja nayo ilikuwa imethibitika machoni pake: aliwasha umeme, na mgawanyiko ukasimama. Angeweza kuandika hivyo na kuondoka. Badala yake walitumia muda mrefu kuondoa sababu moja baada ya nyingine, hadi walipogundua kwamba umeme haukuwa na kosa lolote. Platinamu iliyodhaniwa kuwa bubu ilikuwa ikiyeyuka kidogo kidogo kutoka kwenye elektrodi, ikikutana na amonia na kloridi zilizokuwamo katika chakula cha bakteria, na kutengeneza kompleksi zilizokuwa zikifanya kazi yote ile. Makala yao ya kwanza ilitoka mwaka 1965. Mwaka 1969 walionyesha kwamba kompleksi hizo hufifisha uvimbe wa saratani katika panya. Mwaka 1978 sisplatini iliidhinishwa Marekani kutibu wagonjwa.

Nini kilibadilika kwa wagonjwa? Nitataja ugonjwa mmoja, saratani ya korodani, ambayo huwapata zaidi vijana wa kiume. Kabla ya platinamu, ikishasambaa mwilini ilikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Katikati ya miaka ya 1970 Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana aliiunganisha sisplatini na dawa nyingine mbili, vinblastini na bleomisini, na vijana waliokuwa wakisubiri kufa wakaanza kupona. Siku hizi takriban watu 80 kati ya 100 wenye ugonjwa huo uliosambaa hupona kabisa. Mimi ni mtu wa namba na fomula, lakini namba hiyo siwezi kuitamka bila kuguswa.

Sasa turudi kwenye uzi wetu. Sisplatini inapoingizwa kwenye mshipa, inakutana na damu yenye kloridi nyingi, takriban milimoli 100 katika kila lita. Wingi huo unazizuia kloridi mbili za dawa zisiondoke, kwani hata moja ikibanduka, nyingine zipo tele za kuchukua nafasi yake. Lakini dawa ikishapenya ndani ya seli, mambo hubadilika, kwa sababu humo kloridi ni chache, kati ya milimoli 4 na 20 hivi. Sasa kloridi inapoachia, maji ndiyo yanayoingia mahali pake, na platinamu iliyobeba maji inakuwa na chaji na njaa ya kushika kitu kingine. Inachokishika ni nitrojeni ya guanini, mojawapo ya herufi nne za DNA. Kisha kloridi ya pili nayo inaachia, na platinamu inashika guanini ya jirani. Amonia mbili hazitoki. Katika picha ya fuwele iliyotolewa na maabara ya Stephen Lippard mwaka 1995, unaona uzi wa DNA ukiwa umepinda pale platinamu ilipozibana guanini mbili pamoja, kama kijiti kilichokunjwa bila kuvunjika.

Seli inapokutana na DNA iliyopinda hivyo huanza kuikarabati, na ikishindwa hujiua. Seli za saratani ya korodani zina uwezo mdogo wa kuondoa kasoro za namna hii, na hiyo ni sehemu ya sababu ya kupona kule nilikokutaja. Saratani nyingine hujifunza kujikinga: hupunguza milango ya kupitishia shaba, ambayo platinamu nayo huitumia kuingia ndani ya seli, huongeza glutathioni, molekuli yenye salfa, ili iinase platinamu kabla haijafika kwenye DNA, au hukarabati haraka zaidi. Salfa ile tuliyoiona katika kikombe cha Kurnakov imejitokeza tena, safari hii ikiwa upande wa adui.

Platinamu yenye njaa, hata hivyo, haichagui kati ya seli ya saratani na seli ya figo. Majaribio ya mwanzo kwa wagonjwa yalikaribia kusimamishwa kwa sababu ya figo zilizoharibika. Yaliyookoa dawa hii ni maji ya chumvi: mgonjwa akiongezewa maji ya kutosha kwa dripu kabla na baada ya dawa, figo nyingi hunusurika. Lakini zilibaki athari nyingine, yaani kichefuchefu kikali, ganzi ya vidole na nyayo, na kupoteza uwezo wa kusikia, hasa kwa watoto. Famakolojia ya dawa za platinamu katika miongo iliyofuata ilikuwa, kwa sehemu kubwa, juhudi ya kuifundisha metali hii iachie kwa wakati unaofaa.

Kaboplatini ilizaliwa kutokana na juhudi hiyo, kwa ushirikiano wa Taasisi ya Utafiti wa Saratani ya London na wanakemia wa Johnson Matthey. Amonia mbili zilibaki pale pale, lakini kloridi mbili ziliondolewa, na mahali pake ikawekwa ligandi moja inayoishika platinamu kwa mikono miwili. Anayeshika kwa mikono miwili haangushwi kirahisi, kwani mkono mmoja ukiteleza, ule mwingine bado umeshika na unaweza kuurudisha. Kwa hiyo dawa hii huamka polepole, figo hupumua, na masikio hupata nafuu. Gharama yake huangukia uboho, ambako chembe sahani za damu hupungua. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa hutoka kwa mkojo ikiwa nzima, Hilary Calvert na wenzake walionyesha mwaka 1989 kwamba kipimo kikokotolewe kwa kasi ya uchujaji wa figo za mgonjwa mwenyewe: unaijumlisha kasi hiyo na 25, kisha unaizidisha kwa kiwango cha dawa unachokilenga katika damu. Nawaomba wanakemia waitazame fomula hiyo kwa makini. Kasi ya kuachia iliyopangwa kwenye meza ya maabara imegeuka kuwa hesabu anayoifanya daktari kando ya kitanda.

Oksaliplatini, iliyotokana na kazi ya Yoshinori Kidani huko Nagoya, Japani, katika miaka ya 1970, ilibadilisha pande zote mbili. Mahali pa amonia iliwekwa molekuli nene yenye umbo la pete, ambayo haiachii, na mahali pa kloridi ikawekwa oksalati. Pete hiyo hubaki kwenye DNA, ikiipa kasoro umbo tofauti na lile la sisplatini, na saratani ya utumbo mpana, ambayo haikuwa ikiijali sana sisplatini, ikapata dawa. Mgonjwa anayetumia dawa hii huonywa kuhusu baridi, kwani akishika glasi ya maji baridi sana, vidole humchoma kama vimechomwa sindano, na akiyanywa, koo humkaba.

Wauguzi na wafamasia wanalijua jambo jingine ambalo wanakemia wengi hawalijui, nami nililifahamu nikiwa nimeshachelewa. Sisplatini huchanganywa katika maji ya chumvi, kwa sababu bila kloridi ya kutosha ingeanza kuachia ikiwa bado ndani ya mfuko. Oksaliplatini kamwe haichanganywi na maji ya chumvi, bali huwekwa katika maji ya glukosi, kwa sababu kloridi zikiikuta zitaing'oa oksalati. Na sindano au vifaa vyenye alumini haviruhusiwi kuzigusa dawa hizi, kwani alumini huzichakaza. Ni dawa za ukoo mmoja, na kanuni za mfuko ni kinyume kabisa, lakini zote zinatokana na swali lilelile la nani anaachia nini mbele ya nani.

Niseme sasa kosa langu, kwa kuwa nimeona wengi wakilirudia. Nilipokuwa kijana nilitengeneza kompleksi kadhaa za metali na kuzipima juu ya seli za saratani, nikizilinganisha na sisplatini. Zangu hazikuyeyuka katika maji, kwa hiyo niliziyeyusha katika kiyeyushi kinachopendwa na maabara nyingi, dimethili salfoksidi, na ili kutenda haki, kama nilivyodhani, nikaiyeyusha na sisplatini humo humo. Matokeo yalinifurahisha mno, kwani kompleksi zangu ziliishinda sisplatini kwa mbali. Ilinichukua muda kukubali kwamba sikuwa nimeishinda. Salfa ya kiyeyushi kile huipokonya platinamu kloridi yake na kuidhoofisha dawa, hivyo nilikuwa nimelipima jina la sisplatini huku dawa yenyewe imekwisha kuharibika chupani. Kuna makala zilizochapishwa ambazo zina kasoro hii hii, na mwaka 2014 watafiti waliandika waziwazi kuwaonya wenzao waachane na desturi hiyo. Kila ninaposoma dai kwamba kompleksi mpya ina nguvu kuliko sisplatini, jambo la kwanza ninalolitafuta ni ukurasa unaosema iliyeyushwa katika nini, na ilikaa humo kwa muda gani kabla ya kumwagwa juu ya seli.

Kwa metali nyinginezo nitapita haraka, si kwa kuzidharau. Ruthenamu ilituletea matumaini kupitia kompleksi mbili, NAMI-A ya watafiti wa Trieste na KP1019 ya Vienna. Zote mbili zilifika kwa wagonjwa, na hakuna iliyoidhinishwa. Platinamu ya chaji nne, yenye ligandi sita, ilibuniwa ili dawa imezwe kwa mdomo na iamke tu pale inapopewa elektroni ndani ya mwili, zikabanduka ligandi mbili na kubaki umbo la mraba tunalolijua. Satraplatini, iliyokuwa mbele katika kundi hilo, ilifika majaribio makubwa ya saratani ya tezi dume na haikurefusha maisha ya wagonjwa. Bado naamini wazo hilo ni zuri, na kwamba ugumu uko katika kuchagua mahali pa kuamkia.

Upande wa pili kuna metali ambazo kazi yake ni kutoachia kabisa. Gadolini hudungwa mwilini ili picha za mwili zinazopigwa kwa sumaku (MRI) zionekane vizuri, nayo ikiwa huru ni sumu. Mwaka 2006 madaktari waliihusisha na ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi na viungo kwa wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kazi, na ikaonekana kwamba tatizo lilikuwa zaidi kwa ligandi za mnyororo ulio wazi, ambazo hulegea, kuliko zile za pete zinazoifungia metali kama ndani ya tundu. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliwekea nyingi za zile za wazi mipaka mikali. Tundu la namna hiyo hiyo ndilo linalobeba lutetiamu-177, metali yenye mionzi ambayo nusuhai yake, yaani muda wa mionzi hiyo kupungua kwa nusu, inakaribia siku 7, na kuipeleka hadi kwenye uvimbe wa aina fulani za saratani. Hapo kuachia njiani kungekuwa ni kuimwaga mionzi mahali pasipohusika.

Nimalizie kwa watoto, na kwa masikio. Nilisema salfa ilikuwa upande wa adui, ila anayeijua tabia yake anaweza kuibadilisha upande. Watoto waliokuwa na saratani ya ini walipewa sisplatini, kisha baada ya saa 6, dawa ikiwa imekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwenye uvimbe, wakapewa thiosalfeti ya sodiamu, chumvi yenye salfa inayoishika platinamu iliyobaki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watoto waliopoteza usikivu kwa kiwango fulani walikuwa asilimia 63 kati ya waliopewa sisplatini pekee, na asilimia 33 kati ya walioongezewa thiosalfeti. Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 2022. Saa hizo 6 ni kemia tupu, kwani zikifupishwa thiosalfeti ingeweza kuilinda saratani yenyewe.

Hata hivyo platinamu haimaliziki mwilini. Wanaume waliotibiwa saratani ya korodani wakiwa vijana wamepimwa damu hadi miaka 20 baadaye, na platinamu imekutwa ikiwa bado inazunguka kwa kiasi kidogo sana. Katika sikio la ndani imeonekana kukaa bila dalili ya kuondoka. Imeshikwa na nini huko, inaachiwa kwa kasi gani, na je, chembe hizo za mwisho bado zina uwezo wa kudhuru neva za mtu aliyekwisha kupona? Mimi na wanafunzi wangu wawili tumeanza kulitafuta jibu kwa kutazama protini zenye salfa, moja baada ya nyingine, na meza yetu ya maabara ina nafasi kwa yeyote kati yenu atakayependa kuungana nasi.